Wifi, kile kikopo cha mama

Wifi yangu,

Kesho yake baada ya arobaini nilikikuta kile kikopo kichanjani, kimefudikizwa kati ya bakuli, kinang'aa. Ulikisugua kwa dodoki na majivu mpaka ndani. Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa bado na wageni. Leo sinyamazi, na kaka akisoma, na asome.

Huku London, pale Tabard Square, Southwark, mwaka 2003 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kikopo cha bati kwenye mtaro, penye mahekalu ya Warumi. Kidogo tu, upana sentimita 6 hivi, kimo 5. Kilikuwa na mfuniko wake, kimeziba sawasawa. Kufunguliwa, mafuta meupe yamo, na alama za vidole za aliyechota zimo. Miaka zaidi ya 1,800, wifi! Wewe cha mama ulikipa siku arobaini.

Na alama yake unaijua. Kile kidole cha shahada kilichopinda tangu aanguke na ndoo kisimani. Akichota, mafuta yanabaki na mfuo uliojikunja kama mwezi mchanga. Mimi nilikuwa nimepanga kukichukua vile vile kilivyo. Sikukwambia, kweli. Ningekwambia vipi, nyumba imejaa watu?

Vitu vya marehemu haviharakishwi. Mtu anauliza kwanza, hata aliye mbali. Hasa aliye mbali. Usidhani kukaa huku ni kupenda. Karatasi zangu zilikuwa hazijatoka, ningetoka nisingerudi, na pesa za dawa zingetoka wapi? Najua ni wewe uliyemchua magoti kila usiku. Najua. Mimi nilikuwa nauliza kwenye simu kama amekula.

Mafuta ya wale Warumi yalipimwa na Richard Evershed na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol. Shahamu ya mnyama, ng'ombe au kondoo, kama asilimia 40. Wanga kiasi hicho hicho. Oksaidi ya bati kama 15, ndiyo iliyoyapa weupe. Wakachanganya mapya kwa kipimo hicho, wakajipaka. Mwanzo yanateleza, halafu wanga unaiacha ngozi kavu, laini, kama imepigwa poda. Mama angeyanusa mara moja akayarudisha: hayana karafuu.

Majuzi magoti yameanza kunisumbua, hii baridi. Nikanunua mafuta ya mgando, nikatia karafuu, ikawa uji mweusi unaowasha. Nimejaribu mara tatu.

Kikopo weka vifungo vyako, sikidai tena. Ila niambie: karafuu alikuwa anazitwanga mbichi au anazikaanga kwanza? Na kile kitu cha njano alichomalizia, ni manjano au ni kingine?