Rimu za Premio na Impreza yako

Nairobi, Jumapili jioni

Mpendwa Baba Salma,

Salamu kwako, kwa Mama Salma na watoto wote. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imetukaba koo.

Nilifika Umoja kwa binamu yako kuziangalia zile rimu unazotaka kununua kwa ajili ya gari lako. Kwa macho ni nzuri: hazina ufa, hazijapinda, na tairi zake bado zina meno. Hata hivyo nakuomba usitume pesa. Zilitolewa kwenye Toyota Premio, na kwenye Subaru Impreza yako hazitakaa bila kulazimishwa.

Binamu yako alikwambia matundu ya boliti yanalingana, na hapo amesema kweli. Nilipima kutoka ukingo wa tundu moja hadi ukingo wa upande uleule wa tundu jirani, nikapata karibu milimita 59. Kwa rimu ya nati tano, hiyo ndiyo PCD ya 100, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya boliti, na Impreza yako ni hiyohiyo. Ningepata 67 hivi ingekuwa 114.3, ya magari kama X-Trail na Mark X, na tusingekuwa na la kuzungumza.

Tatizo liko katikati. Tundu la katikati la rimu ya Premio lina kipenyo cha milimita 54.1, lakini habu ya Subaru, kile kitovu rimu inapofungwa, ina kipenyo cha 56.1 pale ilipotokeza. Rimu inagota pale kabla mgongo wake haujagusa uso wa habu. Milimita 2 tu, na ndizo zinazoamua. Fundi mwenye haraka atakwambia, "Tia tu, nati zitaivuta." Kweli zitaivuta, na ukisimama kando utaona gurudumu limeingia. Kumbe limebanwa kwenye ukingo, halijalala sawasawa, na nati zitaanza kulegea ukiwa safarini. Nakuogopea hapo, ndugu yangu. Wewe ni mtu wa kupanda na kushuka barabara ya Mombasa usiku, malori mbele na nyuma, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Ingekuwa kinyume chake, rimu za Subaru ziende kwenye Premio, ningekuwa mpole zaidi. Pale tundu huwa kubwa kuliko habu, na kuna pete za kuziba ile nafasi, 56.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani, ili gurudumu likae katikati lisitetemeshe usukani ukifika mwendo wa Thika Road. Lakini hakuna pete ya kupanua tundu dogo. Lililobaki ni kulikereza, yaani kulipanua kwa kulichonga kwa mashine, na Kariobangi Light Industries wapo mafundi wa mashine ya kerezo wanaoweza kutoa milimita 1 kila upande kwa usahihi. Kazi ya kerezo naikubali. Ya grainda ya mkono siikubali hata wakiifanya bure, maana tundu halitakuwa duara kamili na gurudumu litayumba maisha yake yote.

Hata ukikereza, bado kuna nati. Za Toyota zina nyuzi za M12 kwa 1.5 (boliti ya milimita 12, nafasi ya milimita 1.5 kati ya nyuzi), za Subaru ni M12 kwa 1.25. Nati ya Toyota huanza kuingia kwenye boliti ya Subaru kisha hukwama, na anayeendelea kuikaza kwa spana ndefu anakula nyuzi. Kwa hiyo ungehitaji nati zako mwenyewe. Hapo tena utazame kikao, pale nati inapoilalia rimu: za Subaru zina ncha ya mteremko, ilhali baadhi ya rimu za aloi za kiwandani za Toyota, hasa za zamani, zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Zikikutana zisizolingana, zinagusana padogo sana.

Kuhusu kina, tazama namba ya ET nyuma ya rimu, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusa habu. Subaru nyingi za umri wa yako huwa na ET kubwa, kati ya 48 na 55. Upana ukiwa uleule, ET ikipungua kwa 10, gurudumu linatokeza nje kwa milimita 10, na ukipakia familia na mizigo linaweza kusugua madigadi.

Jambo moja usilidharau: Impreza yako inasukumwa na magurudumu yote manne. Tairi ziwe za kipimo kimoja na zimeisha kwa kiasi kimoja, la sivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inateseka kila unapoendesha. Za binamu yako mbili zimeisha zaidi ya wenzake. Hilo peke yake lingenitosha kukataa.

Ushauri wangu ni utafute rimu zilizotoka kwenye Subaru. Forester za hadi 2018 na Legacy za hadi 2014 ni 5 kwa 100 (nati tano, PCD ya 100) na tundu lake la katikati ni 56.1. Hata ya Toyota 86 ina vipimo hivyo, kwa kuwa gari lile liliundwa na Subaru. Jumamosi nitapita Kirinyaga Road niulize. Nikipata, nitamwomba muuzaji anipe moja niijaribu kwa mkono kwenye Subaru ya jirani kabla ya kutoa shilingi: iingie yenyewe hadi mwisho, nati zizunguke kwa vidole, na gurudumu lizunguke bila kugusa kalipa ya breki.

Nipigie picha kile kibandiko cha vipimo vya tairi kilicho kwenye mlango wa dereva, na nyingine ya ubavu wa tairi ulizonazo. Nitumie kabla ya Ijumaa. Binamu yako nimeshamwambia amuuzie mwenye Premio, na hakukasirika.

Wako wa siku zote,
Baba Neema