Kabureta sita juu ya injini moja? Tuhesabu hewa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niijibu makala yenu ya magari ya kale, ile iliyowaeleza wasomaji namna ya kuipa nguvu injini ya hotirodi (gari la kale lililoongezwa nguvu) kwa kuipachika kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, tatu, nne, hata sita. Mwandishi wenu ameandika kwa mapenzi na hilo nampongeza. Ila kauli yake kwamba kila kabureta inayoongezwa inaongeza nguvu za farasi imenikwama kooni. Mimi ni fundi, na injini ninazozijua zaidi ni zile Ford V8 zenye valvu ubavuni, zilizouzwa Marekani kuanzia 1932 hadi 1953. Wengi wanaoniletea injini hizo huja na kabureta nyingi kuliko injini yenyewe inavyoweza kuzitumia, kisha wanashangaa kwa nini gari limekuwa zito.

Makala haikugusa hesabu hata kidogo, basi nianze na hiyo. Chukua injini ya aina hiyo yenye inchi za ujazo 239, yaani lita 3.9. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, inavuta mara 2,250; zidisha kwa 3.9, unapata karibu lita 8,800 za hewa kila dakika. Hiyo ni kama silinda zinajaa kabisa, na kwa injini hii hazijai. Ikifika asilimia 80 imejitahidi. Tunabaki na lita 7,000 hivi, sawa na futi za ujazo 250. Sasa Stromberg 97, kabureta ambayo kila mpenzi wa magari haya anaiota, peke yake inapitisha futi kama 150. Mbili zimeshamaliza kazi na chenji imebaki. Ya tatu inakuja kufanya nini?

Kuna watakaosema ziada haidhuru, injini itachukua inachotaka. Inadhuru. Kabureta haina akili nyingine zaidi ya mwendo wa hewa. Koo lake limebanwa (kwenye hiyo 97 ni inchi 0.97, ndiko namba ilikotoka) ili hewa ipite kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayonyonya petroli kutoka kwenye bakuli. Ukifungua kabureta sita kwa pamoja wakati injini inazunguka polepole, hewa ileile kidogo inagawanyika kwenye zote, kasi inakufa, na petroli badala ya kupaa kama ukungu inadondoka matone. Dereva anakanyaga mafuta, injini inakohoa, gari linasita, kisha linaruka. Wengine husikia kule kuruka wakadhani ndiyo nguvu.

Sisemi moja inatosha. Vic Edelbrock, fundi wa hotirodi wa Marekani, hakuwa anacheza alipotengeneza manifoldi yake (njia za kupeleka mchanganyiko kwenye silinda) ya kabureta mbili mwaka 1938 kwa ajili ya gari lake la 1932. V8 ile ilitoka kiwandani na kabureta moja katikati, ikilisha silinda nane. Za karibu zinapata chakula mapema na zile za mwisho zinasubiri. Kabureta mbili zilizokaa mbalimbali zinapunguza safari hiyo. Faida yake unaiona kwenye plagi: zote nane zinatoka na rangi moja, au karibu moja. Lakini hapo ndipo kabureta inapoishia. Injini hii ina kasoro ya kuzaliwa ambayo hakuna manifoldi itakayoiponya, kwamba moshi unapita ndani ya bloku kabla ya kutoka nje, na silinda mbili za katikati kila upande zinatumia tundu moja. Ndiyo maana zinachemka, na ndiyo maana hewa inaingia kwa shida. Ukipachika kabureta sita juu ya mlango mwembamba, mlango unabaki mwembamba.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Makala inasema kabureta aina ya 97 inafaa kwenye V8 yoyote ya miaka hiyo, “unafunga na kuondoka”. Kufunga utafunga. Kuondoka ni suala jingine, na jibu liko kwenye distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda.

Kwenye injini za 1932 hadi 1948, distributa ina vizito ndani vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyopanda, navyo ndivyo vinavyowahisha cheche. Kuanzia 1949 Ford waliondoa vizito hivyo. Cheche ikawa inawahishwa na vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) peke yake, tena vakyumu ya aina maalumu, inayochanganya mvuto wa kwenye koo la kabureta na ule wa karibu na vilango vya hewa. Kabureta ya Holley iliyotoka na injini hiyo ina matundu ya kuutoa mchanganyiko huo. Stromberg 97 haina. Iliundwa miaka ya thelathini, wakati hapakuwa na distributa ya kuidai huduma hiyo. Kwa hiyo ukiweka 97 juu ya injini ya 1949 hadi 1953 na kuiacha distributa yake, cheche inabaki palepale ulipoiweka, uwe umesimama au unakimbia.

Kijana mmoja aliniletea gari la namna hiyo, kabureta tatu zinang’aa kama vyombo vya harusi. Malalamiko yake: halina nguvu, linachemka, na mabomba ya moshi yanakuwa mekundu usiku. Alikuwa ameambiwa petroli haitoshi, basi akawa anapanua jeti, vile vitundu vinavyopima petroli. Zilikuwa zimetoka inchi 0.045 ya kiwandani, zimepanda hatua kwa hatua, na kila alipopanda moshi ulizidi kuwa mweusi. Nilichukua taa ya taimingi, inayowaka kila cheche inapotoka, nikaimulika puli ya mbele, nikamwambia akanyage mafuta taratibu. Alama ilitakiwa itembee. Haikusogea hata upana wa ukucha, na injini ilikuwa inaunguruma kwa nguvu zake zote. Nikamwita aje aone mwenyewe, akashika taa, akanyamaza. Tulifunga distributa yenye vizito, tukarudisha jeti za 0.045, na nikamshauri abaki na kabureta mbili. Alikataa hilo la mwisho kwa sababu tatu zinapendeza. Sawa, gari ni lake, tukazipanga kwa hatua kama nitakavyoeleza.

Wapo wanaodhani wamekwepa tatizo kwa kuchomeka mpira wa vakyumu ya distributa moja kwa moja kwenye manifoldi. Hapo utapata cheche ya mapema gari likiwa limesimama linanguruma, ambako huna haja nayo sana, na utaipoteza papo hapo ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, kwa sababu vakyumu ya manifoldi huporomoka vilango vikifunguka. Ni kinyume kabisa cha unachokitaka mlimani.

Kuhusu hatua: anayetaka tatu, azifunge hivi. Ya katikati ifanye kazi ya kila siku, yaani kuwasha, kunguruma na mwendo wa kawaida. Mbili za pembeni zikae zimefungwa kabisa, bila choki, mpaka mguu uzidi nusu. Hilo si ubunifu wangu. Pontiac waliuza mpango wa kabureta tatu tangu 1957, na ndio uliokuja kulipa gari lao la GTO sifa mwaka 1964. Na tazama ulivyoisha: GTO ya 1966 yenye kabureta tatu iliandikwa nguvu za farasi 360, ya 1967, injini ikiwa imeongezwa ujazo kidogo, ilitoa toleo lenye 360 zilezile kwa kabureta moja ya makoo manne. Ni kweli kampuni mama, General Motors, ndiyo iliyopiga marufuku kabureta nyingi, lakini nguvu hazikupungua.

Kuzilinganisha ni kazi ya subira, na makala imeipa sentensi moja. Tenganisha kwanza vijiti vinavyounganisha kabureta, kila moja ijitegemee. Washa injini ipate moto kamili. Shika kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mvumo. Kisha hamia ya pili. Zungusha skrubu ya kilango mpaka mivumo ifanane. Ndipo uguse skrubu za mchanganyiko, ambazo kwenye 97 ni mbili kwa kila kabureta: anza kwa kuzifungua mzunguko mmoja na nusu, kisha tafuta pale injini inapotulia. Vijiti virudishwe mwisho, na virefushwe au vifupishwe mpaka viingie vyenyewe bila kuvutwa. Mafundi wengi wa haraka huanza na vijiti, ndiyo sababu kabureta moja inabeba kazi ya mbili na injini inamisi kila ikisimama.

Limebaki la usalama, ambalo makala imeliruka. Kabureta hizi za zamani hazihimili msukumo mkubwa wa petroli. 97 ikipewa zaidi ya pauni 2.5 au 3 kwa inchi ya mraba, sindano ya kwenye bakuli inashindwa kuziba na petroli inafurika juu ya injini yenye moto. Pampu nyingi za umeme zinazouzwa leo zinasukuma zaidi ya hapo, kwa hiyo kidhibiti cha msukumo ni lazima, na kipimo chake kifungwe mahali unapokiona. Mipira ya petroli iwe mifupi, sehemu kubwa ya njia iwe bomba la chuma. Na kila kabureta iwe na springi yake ya kurudisha kilango. Gari lililopigwa picha kwenye makala hiyo lina kabureta sita na springi moja, imefungwa kwenye kijiti cha mbele. Kijiti hicho kikichomoka, kabureta tano zinabaki wazi na dereva hana la kufanya ila kuzima swichi. Kama mwenye gari anasoma gazeti hili, namwomba asiliwashe tena kabla hajaongeza tano nyingine.

Fundi wa injini za kale