Vyuo vya video vianze na mafaili, madoido yasubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vyuo na studio zinazofundisha vijana kuhariri video, na pia na familia zinazotulipa. Kazi yangu ni hiyo hapa Morogoro: harusi, sherehe za kuaga mabinti, mahafali, kwaya, na siku hizi misiba pia. Vijana wanaokuja kwangu kufanya mazoezi wana vyeti. Wanajua kurekebisha rangi na kuyafanya majina ya maharusi yametemete. Wakabidhi kadi nne za kamera zilizotoka ukumbini usiku, hawajui waanzie wapi.

Hawajaambiwa jambo la msingi, kwamba programu ya kuhariri haimezi picha. Uwe unatumia Premiere au DaVinci Resolve, unapoingiza klipu programu inaandika anwani yake tu: iko diski gani, folda gani, inaitwaje. Mikato yote utakayofanya ni maelekezo juu ya anwani hiyo. Ndiyo maana projekti (faili la maelekezo hayo) ya harusi nzima inaweza kuwa na MB chache wakati picha zake ni mamia ya GB. Kijana anaiweka projekti kwenye fleshi, anakwenda nayo nyumbani akiamini amebeba harusi. Anaifungua, skrini nyekundu mwanzo hadi mwisho. Yatamkuta hayo hayo akibadilisha jina la folda, au Windows ikiipa F ile diski ya nje iliyokuwa E jana. Picha hazijafutika. Programu imepotewa na anwani.

Kwa hiyo kila kazi iwe na folda mama moja, na kila kitu kiingie humo kabla programu haijafunguliwa: picha, sauti, muziki, nembo na kadi ya mwaliko, projekti yenyewe, na video iliyokamilika. Watu wa Resolve wakumbuke kwamba projekti yao hukaa kwenye hifadhidata ya programu, hivyo lazima waitoe nakala na kuiweka humo. Faida yake utaiona siku diski inapohama. Premiere ikikuuliza faili liko wapi, ukiionyesha moja, huyatafuta mengine yenyewe kwa kufuata mpangilio ule ule. Lakini kama wimbo uko kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, picha za droni ziko kwenye uso wa kompyuta (desktop) na sauti ya MC iko kwenye simu ya mtu, utatafuta moja moja mpaka usiku wa manane.

Folda mama naiita kwa tarehe, mwaka ukitangulia: 2025-06-14, kisha aina ya shughuli na majina ya familia. Tarehe ikiandikwa hivyo kompyuta hupanga kazi zote kwa mfuatano bila kusaidiwa. Ndani ya folda ya picha kila kamera ina folda yake, na kila kadi folda yake ndani ya hiyo. Hapa nawasihi walimu wasiruke. Kamera nyingi za Sony huita klipu C0001, C0002 na kuendelea, na kadi mpya inaweza kuanza tena na C0001. Ukimwaga kadi mbili kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama ibadilishe faili lililopo. Kijana aliyechoka saa nane usiku anabonyeza ndiyo, na kiapo cha bwana harusi kinafunikwa na watu wanaokula pilau. GoPro, zile kamera ndogo za kufunga popote, nazo hukata klipu ndefu vipande, na namba ya kipande hutangulia namba ya klipu: GX010034 inaendelea kwenye GX020034, lakini ukipanga kwa majina, GX010035 inaingia katikati. Asiyejua hilo ataunganisha hotuba ya baba na mlango wa kuingilia keki. Kamera zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD zinataka kadi nzima inakiliwe kama ilivyo, kwa sababu mafaili madogo yanayoonekana hayana kazi ndiyo yanayoviunga vipande.

Enzi za MiniDV mambo haya hayakutusumbua sana. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na lebo ubavuni na kijilimi cha kuzuia kurekodi juu yake. Ukishamaliza kuhariri, asili ilibaki kabatini. Leo asili iko kwenye kadi, na kadi hiyo inasubiriwa na harusi ya Jumamosi ijayo. Tukishaifuta, folda ndiyo kabati pekee lililobaki.

Nimeona familia ikilipia uzembe huu. Mama yao alifariki, na watoto walitaka kusikia nasaha alizompa binti yake siku ya kumuaga. Kwenye video waliyopewa na studio nyingine, mama anaonekana kidogo, midomo inacheza, muziki uko juu. Maneno yake yalirekodiwa yote kwa kinasa sauti. Studio ile ilitafuta kwa moyo, lakini mafaili ya sauti ya sherehe nyingi yalikuwa kwenye folda moja, yenye majina ya namba tu, na saa ya kinasa haikuwa imewekwa sawa. Waliniletea diski niwasaidie. Sikuipata sauti ya mama yao.

Nafasi ni ghali, najua. Picha za 4K zinazorekodiwa kwa Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hula GB 45 kwa saa; kamera mbili zikirekodi saa tano tano, ni GB 450 kwa sherehe moja. Na bado nasema ziwe nakala mbili kabla kadi haijafutwa, moja ikae nyumba nyingine. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alishauri tatu.

Wakuu wa vyuo, wiki ya kwanza mpeni mwanafunzi kadi zilizochanganywa na diski tupu. Asiguse madoido mpaka aweze kuihamishia kazi yake kwenye kompyuta ya mwenzake ikafunguka bila wekundu wowote.

Nanyi wazazi na wanakamati, kabla hamjamalizia malipo, leteni diski yenu na muombe folda nzima pamoja na sauti zake, msiridhike na video iliyokamilika tu. Ulizeni picha ghafi zitatunzwa mpaka lini na jibu liandikwe kwenye mkataba. Mimi hutunza mwaka mmoja, kisha nampigia mwenye shughuli simu kabla ya kufuta chochote.

Mhariri wa video,
Morogoro