Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Afisa Elimu wa Mkoa kuhusu insha iliyoondolewa na kijitabu cha historia ya India

Kwa Mheshimiwa Afisa Elimu wa Mkoa,

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako na uzito wa kazi uliyokabidhiwa. Mimi ni mwalimu wa somo la Historia katika mojawapo ya shule za sekondari zilizo chini ya ofisi yako. Nimelazimika kuandika hadharani kwa sababu barua nilizozipitisha kwa mkuu wa shule, kama utaratibu unavyotaka, hazikujibiwa, na kwa sababu lililotokea wiki iliyopita kwenye kilele cha mashindano ya insha limenifikisha mahali ambapo kunyamaza kungekuwa ni kumsaliti mtoto wa watu.

Mada ya insha mwaka huu ilikuwa utawala wa Waingereza nchini India. Shule zote zilipewa kijitabu cha rejea kilichoandaliwa na kamati ya mashindano. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, binti msikivu anayesoma kwa taa ya kuchaji kwa sababu kwao umeme haujafika, aliandika kuhusu njaa iliyolikumba jimbo la Bengal, mashariki mwa India, mwaka 1769 na 1770 na akaonyesha kwamba Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyokuwa ikilitawala jimbo hilo, iliendelea kudai kodi ya ardhi huku watu wakifa. Insha yake iliondolewa kabisa katika ushindani. Maelezo yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yake ni kwamba mtahiniwa amepingana na vyanzo vilivyotolewa na ametumia madai ya uchochezi.

Mheshimiwa, naomba nikueleze madai hayo ameyatoa wapi. Ameyatoa kwa Warren Hastings, Gavana wa Bengal, Mwingereza, mtumishi wa Kampuni yenyewe. Tarehe 3 Novemba 1772 Hastings aliwaandikia wakurugenzi wake huko London kwamba, ingawa walau theluthi moja ya wakazi wa jimbo lile walikuwa wamepotea na kilimo kimeshuka kwa sababu hiyo, makusanyo ya mwaka 1771 yalizidi hata yale ya 1768. Akaeleza na sababu: mapato yaliendelea kushikiliwa kwa nguvu yasishuke chini ya kiwango cha zamani. Akataja pia tozo iliyoitwa najay, ambayo waliosalia kijijini walitozwa ili kufidia kodi ya majirani waliokufa au waliokimbia. Huo ndio uchochezi wa mwanafunzi wangu. Aliyeuandika ni mtawala mwenyewe, akiwaandikia mabwana zake, miaka miwili tu baada ya njaa ile.

Kijitabu chenu hakina barua hiyo. Kina ukurasa mmoja na nusu juu ya chumba cha giza cha Calcutta, ambamo, kwa mujibu wa John Zephaniah Holwell, mtumishi wa Kampuni, wafungwa 146 walitiwa usiku wa tarehe 20 Juni 1756 na wakatoka 23 wakiwa hai. Sisemi kwamba hakuna aliyekufa usiku ule. Watu walikufa, tena kwa kifo kibaya cha kukosa hewa. Lakini Holwell alikuwa mmoja wa walioshindwa vitani na Siraj ud-Daulah, nawabu yaani mtawala wa Bengal, alipouteka mji ule, habari yake aliichapisha mwaka 1758 wakati Kampuni ilikuwa inahitaji kuhalalisha iliyoyafanya kwenye vita vya Plassey ilipomshinda nawabu huyo tarehe 23 Juni 1757, na wanahistoria wa baadaye walioipitia kwa makini wamepunguza sana idadi hiyo; mmoja wao alifikia wafungwa 64. Kijitabu kinainukuu habari ya Holwell kama hati ya mahakama, bila neno moja juu ya mwandishi, mwaka wala faida yake. Mtoto anayesoma hapo atawajua kwa undani wafungwa wa chumba kimoja, wala hatasikia kwamba miaka kumi na minne baadaye mamilioni ya wakulima walikufa katika jimbo lile lile.

Baada ya Holwell kijitabu kinamleta James Mill kueleza jamii ya Wahindi ilivyokuwa: ya kishirikina, isiyo na historia, iliyozama katika matabaka ya kuzaliwa na udhalimu wa wafalme. Mill alichapisha historia yake ya India mwaka 1817. Hakuwahi kukanyaga India. Hakujua lugha hata moja ya huko, na katika dibaji yake alijitetea kwa kusema kwamba mtu mwenye sifa angeweza kuijua India zaidi kwa mwaka mmoja chumbani mwake Uingereza kuliko kwa umri mrefu wa kutumia macho na masikio yake huko huko India. Mwaka 1819 Kampuni ilimwajiri, na kitabu chake kikawa cha kusomeshea vijana wa Kampuni katika chuo cha Haileybury kabla hawajapanda meli kwenda kuwatawala watu wale. Ni yeye aliyeigawa historia ya India katika zama za Wahindu, zama za Waislamu na zama za Waingereza, mgawanyo ambao kijitabu chenu kimeurudia neno kwa neno, kana kwamba Wahindu na Waislamu hawakuwahi kuishi katika karne moja na kijiji kimoja.

Kisha anakuja Thomas Babington Macaulay, mtumishi mkuu wa serikali ya Waingereza huko India, na waraka wake wa tarehe 2 Februari 1835 juu ya elimu, na hapa nakiri, Mheshimiwa, hasira inanipanda. Macaulay alikiri mwenyewe katika waraka huo kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu, na bado akatamka kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na maandishi yote ya India na Uarabuni. Mwaka huo Muyaka bin Haji alikuwa hai Mombasa, na mashairi ya lugha yetu yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Je, kamati ilipoichapa sentensi ile chini ya kichwa cha habari kinachosema Waingereza walileta elimu, haikumfikiria mtoto wa Kiswahili atakayeisoma?

Simlaumu Mwingereza kwa kuandika. Aliandika mengi, na bila maandishi yake tusingejua nusu ya mambo tunayoyajua. Ninacholalamikia ni kuchaguliwa kwa maandishi ya wale waliohitaji kuhalalisha utawala na kuachwa kwa wengine wote, hata wa damu yao. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, alimshitaki Hastings huyo huyo mbele ya Bunge, kesi iliyoanza 1788 na kwisha 1795 kwa Hastings kuachiwa, na hotuba zake zimejaa habari za unyang'anyi wa Kampuni, hayumo. William Howard Russell, mwandishi wa gazeti la Times aliyefika India mwaka 1858 wakati vita vya uasi wa Wahindi vilivyoanzia Meerut mwaka 1857 vikiendelea, alitilia shaka hadithi nyingi za ukatili zilizokuwa zikivuma na akaeleza visasi vilivyofanywa na jeshi la nchi yake, hayumo. William Wilson Hunter, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichimbua majalada ya wilaya na mwaka 1868 akakadiria waliokufa katika njaa ile ya Bengal kuwa watu milioni kumi, naye hayumo.

Na Wahindi wenyewe wako wapi? Ghulam Husain Khan Tabatabai aliandika kwa Kiajemi, katika miaka ya 1780, historia ya kuporomoka kwa Bengal, na akalalamika kwamba watawala wapya hawachanganyiki na watu, hawasikilizi mashauri yao, na mali wanayoikusanya inaondoka nchini. Kitabu chake kina tafsiri ya Kiingereza tangu 1789, kwa hiyo lugha haiwezi kuwa kisingizio. Kijitabu kinamsifu Gavana Mkuu Bentinck kwa kupiga marufuku mwaka 1829 kuchomwa kwa wajane pamoja na maiti za waume zao, jambo jema kabisa, lakini hakimtaji Rammohan Roy wa Bengal, aliyekuwa akiandika kupinga desturi hiyo tangu 1818 na kutukanwa na watu wake kwa ajili hiyo. Dadabhai Naoroji alichukua takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe akaonyesha jinsi mali ya India ilivyokuwa ikivuja kila mwaka kwenda Uingereza, na mwaka 1892 akachaguliwa mbunge katika Bunge la London. Mwanafunzi wangu alimtaja. Jina lake limezungushiwa duara jekundu na alama ya kuuliza, jambo linalonifanya niamini kwamba msahihishaji hakumjua.

Nadhani ninajua kijitabu hiki kimetokea wapi. Vitabu vya zamani vya Waingereza vimekwisha muda wa hakimiliki na vinapatikana bure kwenye intaneti, kamati ilikuwa na muda mfupi na pengine haina fedha, kwa hiyo waliokoteza kilichokuwa karibu. Pengine pia yupo mtu ofisini anayeamini kwamba historia ya India haituhusu, kwa hiyo lolote litafaa. Kama ndivyo, nakumbusha kwamba Frederick Lugard, aliyekuja kuipigania Kampuni nyingine ya Uingereza huku Uganda mwaka 1890, alizaliwa Madras, India, na alitumikia jeshini huko India. Kwamba zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa. Na kwamba Tanganyika ilihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo rasimu yake ya kwanza iliongozwa na Macaulay yule yule, mpaka mwaka 1930. Waliotutawala walijifunzia kazi kule. Maneno waliyotuandikia sisi, kwamba tu wavivu, hatuna historia, tunahitaji kuokolewa kutoka mikononi mwa watawala wetu wenyewe, yalikuwa yameshatumika India kwa miaka mingi kabla hayajashushwa pwani hii.

Mheshimiwa, ulipofungua semina ya walimu wa sayansi ya jamii mwaka jana ulituahidi mbele ya wote kwamba kijitabu kitapitiwa upya kabla ya mashindano yajayo. Tulikupigia makofi, mimi nikiwa safu ya mbele. Uliniambia niandike mapendekezo. Niliyaandika, nikayachapa kwa fedha zangu, nikayafikisha kwa katibu muhtasi wako na nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Mwaka huu kijitabu kimetoka kilivyokuwa, hata makosa ya tahajia hayakuguswa, isipokuwa jalada limepakwa rangi mpya.

Ninafundisha mikondo yote ya kidato cha tatu na cha nne peke yangu, kwa kuwa mwenzangu alihamishwa na nafasi yake haijajazwa. Nakala za barua ya Hastings wanazosoma wanafunzi nimezilipia kutoka mshahara ambao unalisha watu saba nyumbani kwangu. Tangu insha hii iondolewe nimeitwa ofisini kueleza kwa nini ninawafundisha watoto siasa, na nimedokezewa kwamba walimu wenye vichwa vigumu hupelekwa shule za mbali. Mke wangu ananishauri niache, na si kwa sababu haoni haki iko wapi. Anaogopa, na mimi pia sasa naogopa. Lakini jambo ninalolibeba usiku ni swali aliloniuliza yule binti kwenye daladala tukirudi kutoka kwenye kilele: kama asome kijitabu tu mwaka huu, halafu yale mengine ayasome akishafaulu. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilikusudia kuomba mengi katika barua hii. Nilitaka kijitabu kiondolewe, kamati iwe na walimu wa Historia wanaofundisha darasani, kila dondoo iandikwe mwenyewe ni nani, aliandika lini, kwa nani, na alikuwa akilipwa na nani. Nilitaka ukurasa wa Holwell ukae pamoja na barua ya Hastings, wa Mill pamoja na Ghulam Husain, ili watoto wapime wenyewe. Bado nayataka yote hayo, na niko tayari kuifanya kazi hiyo bila posho hata ya nauli. Lakini najua mambo ya ofisi huchukua muda, na mitihani ya taifa iko karibu.

Kwa hiyo naomba jambo moja, ambalo linahitaji sahihi yako tu. Iagize kamati iirudishe insha ya mwanafunzi huyu katika ushindani na isahihishwe upya na mtu aliyesoma barua ya tarehe 3 Novemba 1772. Nakala yake nimeiambatisha kwenye barua iliyoletwa kwa mkono ofisini kwako leo asubuhi, na sentensi zinazohusika nimezipigia mstari. Isomeni kwanza. Halafu msahihisheni. Akistahili kushindwa kwa sababu ya sarufi au mpangilio wa hoja, na ashindwe, nitamweleza mimi mwenyewe. Asishindwe kwa kuandika kilichotokea. Naomba hilo lifanyike kabla hajakaa kwenye chumba cha mtihani, Mheshimiwa, kabla ya hapo na si baada.

Wako mtiifu katika kazi,

Mwalimu wa Historia, shule ya sekondari ya mkoa wako