Gari Linanuka Ukungu? Tutafute Maji Kabla ya Sabuni

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai ikishika Nairobi, simu zinazoingia hapa gereji hubadilika. Watu hupunguza maswali ya breki na klachi, wakaanza kuuliza habari za harufu. Gari limekaa wiki mbili bila kutoka, mlango ukifunguliwa panatoka harufu ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni, na mkanda wa dereva umeota madoa meupe, mengine ya kijani. Wengi wanaopiga simu wameshaoshewa ndani mara mbili au tatu kwingineko. Harufu ilipotea siku chache, kisha ikarudi.

Ilirudi kwa sababu maji hayakuondoka. Vumbi, jasho, makombo ya mandazi na chai iliyomwagika vimo ndani ya karibu kila gari, na viini vya ukungu vinaelea hewani kila mahali. Vyote hivyo vinangoja unyevu tu. Ukiosha viti ukaacha maji yaliyo chini ya kapeti, umeupa ukungu nafasi safi ya kuanza upya. Ndiyo maana mteja akituambia, "Nioshee viti tu, fundi," tunamwomba atuachie gari kwanza tufungue sakafu.

Chini ya kapeti ya magari mengi kuna sponji au blanketi nene la kuzuia kelele na joto. Likilowa, hukaa na maji kwa wiki kadhaa. Juu kapeti inaweza kuwa kavu kabisa, ukaikanyaga usihisi kitu, lakini ukilikamua blanketi la chini maji yanachuruzika. Jua halifiki huko, wala upepo. Unaweza kujipimia mwenyewe nyumbani: ng'oa ile plastiki ya kizingiti cha mlango, inua pembe ya kapeti, ingiza mkono na kipande cha tishu hadi chini kabisa, ubonyeze. Tishu ikitoka imelowa, usiite mtu wa kuosha viti bado.

Sasa, maji yanaingilia wapi? Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na hatuuonei haya, maana ndiyo kazi yenyewe.

Tunaanzia chini ya wipa, kati ya boneti na kioo cha mbele. Pale kuna mfereji unaopokea maji ya kioo na kuyateremsha pembeni kupitia matundu mawili. Gari linaloegeshwa chini ya miti hujaza majani mfereji huo. Katika mitaa yenye mijakaranda, kama Kilimani na Lavington, maua hudondoka Oktoba na Novemba, wakati uleule mvua za vuli zinapoanza. Maua yakilowa yanageuka tope, tope linaziba matundu, maji yanapanda hadi kwenye tundu la kuvutia hewa ya ndani, kisha yanashukia miguuni. Mwenye gari huona kapeti imelowa akadhani mtoto alimwaga maji. Kutoa majani hayo kwa mkono kila baada ya wiki mbili msimu huo hakugharimu chochote, na kumewaokolea wateja wetu pesa kuliko dawa yoyote tunayouza.

Milango nayo. Maji kuingia ndani ya mlango ni jambo la kawaida. Hupita pale kioo kinaposhukia, na mlango umetobolewa chini ili yatoke. Matundu yakizibwa na udongo, utasikia maji yakicheza ndani ukifunga mlango. Halafu kuna ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango. Fundi wa redio akiichana ili aweke spika, au wa vioo akiing'oa asiirudishe, maji yote yanayopaswa kushuka nje yanaingia kwenye kapeti. Tumekuta magari mengi sana yaliyobadilishiwa raba za milango bure, na kosa lilikuwa plastiki hiyo iliyochanika.

Katika magari ya zamani ambayo kioo cha mbele kimeshikwa na raba, kama Peugeot 504, tunainua ukingo wa raba taratibu na kutazama chuma kilicho chini yake. Raba iliyokauka hunyauka pembeni, maji hukaa chini yake, kutu inakula fremu. Silikoni ya kupaka juu haitengenezi kitu hapo. Kioo kinatoka, chuma kinasuguliwa na kupakwa rangi, raba mpya inaingia. Mzee mmoja aliyetuletea 504 yake alitaka tupake silikoni tu. "Kijana, mimi naenda nayo kanisani Jumapili peke yake." Tulimwonyesha kwa tochi chuma kilivyokuwa kinabanduka kama maganda, akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi toa kioo." Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wanaozihifadhi hadi leo wana haki ya kuambiwa ukweli juu ya hali yake.

Nyuma usisahau raba za taa na ya buti. Inua gurudumu la spea. Mara nyingi tunakuta kidimbwi kizima kimetulia pale, na mwenye gari hajui kwa sababu hajapata pancha muda mrefu. Kwa buti, mmoja wetu hujifungia ndani na tochi huku mwenzake akimwagilia nje. Tunaanza kumwagilia chini, tunapanda polepole. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Kuna maji mengine yasiyotoka mvuani. AC inapofanya kazi hukausha hewa, na maji yanayotokea hushuka kwa mpira mdogo hadi chini ya gari. Mpira ukizibwa na vumbi, maji yanamwagika miguuni kwa abiria wa mbele. Hapa Nairobi unaweza kukaa miezi usigundue, lakini teremka Mombasa na AC imewashwa, kwenye hewa ile nzito, na utarudi na kapeti iliyolowa. Kama unyevu unanata vidoleni na una harufu ya utamutamu, na kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta kwa ndani, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kutoka kwenye koili ya hita. Kulanti haikauki kama maji, na ni sumu. Hapo kazi ya usafi inasimama mpaka hita itengenezwe.

Tukishapata chanzo na kukiziba, ndipo tunapofungua. Betri inatolewa kwanza na tunasubiri dakika kadhaa, kwa sababu chini ya viti vya magari mengi kuna waya za mifuko ya hewa na za mikanda. Viti vinatoka, kapeti inatoka, blanketi la chini linatoka. Blanketi lililooza hatulioshi. Tunalitupa na kukata jipya. Kapeti yenyewe inaoshwa nje kwa brashi na sabuni laini, inasuuzwa, inaanikwa kwenye upepo. Sakafu ikiwa na kutu tunaisugua hadi chuma kitokee, tunapaka dawa ya kutu, kisha redoksaidi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi ya juu. Kutu ikiwa imefika penye bolti za viti au mikanda, tunakuita uje uone kwa macho yako, kwa maana hapo panahitaji kuchomelewa, na hatuwezi kufunika kwa kapeti safi kitu kitakachokuachia kiti siku ya ajali.

Ukungu ulio juu ya viti tunaufyonza ukiwa mkavu kwanza, kwa mashine yenye filta inayoshika vumbi dogo, milango yote ikiwa wazi na sisi tumevaa barakoa za N95 na glavu. Ukiusugua mkavu kwa brashi bila kuufyonza, unaupulizia gari lote. Mwenye pumu nyumbani kwako asikae karibu na kazi hii, wala asipande gari hilo kabla halijakamilika. Baada ya hapo ni siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, au spiriti ya asilimia 70, ikijaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo hakuna sigara wala cheche karibu.

Tafadhali usitumie Jik. Tunajua ndiyo iliyo karibu, na inaua ukungu kwenye vigae vya bafu. Lakini kwenye kitambaa inatoa rangi, haifiki ndani ya sponji, na kwenye mkanda inadhoofisha nyuzi ambazo zimewekwa pale kukushika. Ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa hilo ni jambo la hospitali. Mkanda tunauvuta wote hadi mwisho, tunaubana kwa kishikizo usirudi, tunauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, na hauachiliwi hadi ukauke kabisa. Ukiurudisha mbichi utaota tena ndani ya mzunguko wake, mahali usipoona.

Kitambaa cha paa kinahitaji upole. Kimegandishwa kwenye sponji nyembamba, na katika magari makuukuu sponji hiyo imeshakuwa unga. Ukilowesha, kinaning'inia. Tunapangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na kikiwa kimeshaachia tunakwambia mapema kwamba kitabadilishwa.

Wateja wengi hutuuliza kama washone reksini badala ya kitambaa ili ukungu usirudi. Kwa gari ambalo lina historia ya kulowa, sisi tunapendelea kitambaa kinachopumua. Reksini ni rahisi kupangusa, lakini unyevu ukipita kwenye mishono unabaki ndani ya sponji. Kwa sababu hiyohiyo, ondoa zile plastiki zilizokuja na gari kutoka bandarini. Tunaelewa unataka viti vibaki vipya. Chini ya plastiki hiyo ndimo tunamokuta ukungu mbaya zaidi. Matandiko mazito ya mpira juu ya kapeti yenye unyevu hufanya vilevile, na turubai lililofungwa kabisa juu ya gari lisilotembea pia.

Kuhusu manukato ya kuning'iniza, makaa chini ya kiti na mashine za ozoni: makaa hupunguza harufu kidogo, manukato huificha, ozoni inaweza kuidhoofisha lakini huchakaza raba na haifai kuvutwa na mtu. Hakuna hata kimoja kinachotoa maji sakafuni. Harufu ikitoka tu unapowasha AC, basi shida iko kwenye evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa, na filta ya hewa ya ndani, na hiyo ni kazi ndogo zaidi, ya siku moja tu.

Gari lililozama ni habari tofauti. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifunika magari mengi hapa mjini, na maji yale yalibeba maji taka. Sponji za viti zilizonywa maji hayo hatuzioshi, zinatupwa. Baadhi ya magari hayo yanauzwa sasa yakiwa yamepambwa vizuri. Kabla hujalipa, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uangalie kama kuna mstari wa udongo. Tazama reli za viti na shimo la spea kama kuna tope laini lililokauka. Bolti za viti zenye kutu ndani ya gari lenye kapeti mpya kabisa, pamoja na manukato makali, ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Bei yetu hatuitaji kwa simu, kwa sababu hatujui kilicho chini ya kapeti. Kuinua kapeti na kupima kwa maji ndiyo hatua ya kwanza, kisha tunakuandikia kipi kitaoshwa, kipi kitatupwa na kipi kitachomelewa, nawe unaamua. Msimu wa baridi tunakaa na gari muda mrefu zaidi, maana sponji ya kiti haikauki usiku mmoja Julai hata ukiweka feni. Ukiliharakisha gari, tutakuomba uvumilie.

Ukija, njoo na gari lilivyo. Usilioshe wala usipulizie chochote. Likiwa limenyeshewa jana yake ni bora zaidi, kwa sababu alama za maji zitakuwa bado zinaonekana. Tuambie unyevu ulianzia upande gani, kama huwa mvua ikinyesha gari likiwa limeegeshwa au linatembea, na kama mwaka uliopita kuna fundi aliyegusa kioo, milango au redio.