Salim, ile simu ya Jumanne

Salim ndugu yangu,

Natumai mamako na watoto wako poa. Yule dada wa sauti ya upole aliyekupigia Jumanne akikuuliza kama unanijua na eti uniambie nilipe, ni kweli, nadaiwa, na naona haya sana. Elfu tatu tu wallahi. Nilikopa kwa apu moja nilitumiwa linki kwa grupu ya mtaa, si Play Store, maana Google walishakataza apu za mikopo kuchungulia kontakti tangu Mei 2023, sasa hawa wanapitia dirishani. Ikaomba meseji, kontakti, lokesheni, mi nikabonyeza kubali kubali kubali kama nafukuza nzi, gesi ilikuwa imeisha na wali haujaiva.

Mshahara haikuuliza! Ilisoma meseji zangu za M-Pesa ikajua pesa yaingia lini na yaisha lini (yaisha tarehe nne, hata mimi sikuwa nimewahi kuhesabu), ikaona nampigia nani, halafu ikabeti kama nitalipa. Na kuna kampuni za mikopo zilishasema hadharani kwamba mtu aliyesevu watu kwa majina mawili mawili hulipa vizuri zaidi. Sasa angalia simu yangu: Juma Gesi, Mama Mboga Steji, Fundi Bomba Mwongo. Usicheke, nilikesha nikiwabatiza upya, Juma Gesi sasa ana jina la baba nililomtungia mwenyewe, nikidhani limiti ya mkopo itapanda. Wapi. Mtu mzima nakesha nikijipendekeza kwa mashine, hilo laniuma kuliko deni.

Na tulivyowacheka wale waliopanga foleni KICC pale Nairobi 2023 wakapigwa picha mboni za macho na Worldcoin, wale watu wa sarafu ya kidijitali, kwa kama elfu saba! Serikali ikasimamisha Agosti, na 2025 korti ikaamuru data ifutwe. Wao angalau walitoa macho yao. Mimi nimetoa namba yako, ya mamako, ya ustadh wa madrasa, na hakuna kati yenu aliyebonyeza kubali.

Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza kusumbua kontakti za mdaiwa, kwa hiyo wakipiga tena andika namba na saa unitumie, napeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Na usinilipie hata senti.

Halafu nikwambie mapema, kwenye ule ubatizo nilikufikia na wewe. Ulikuwa Salim Usishike, tangu lile deni lako la tairi. Nishabadilisha.

Ndugu yako