Kufufua trekta la zamani: gharama iko wapi, na raha yake ni ipi

Wateja wanaotuletea karakanani matrekta ya Massey Ferguson 35 na 135 yaliyokaa miaka mingi nyuma ya ghala huuliza kwanza gharama, na ni haki yao kuuliza. Jibu letu ni kwamba trekta likifufuliwa kikamilifu, mara nyingi fedha utakazotumia zitazidi bei ambayo ungelipata ukiliuza. Anayetafuta faida ya haraka tunamshauri anunue trekta linalotembea tayari. Kazi hii inamfaa mtu anayelitaka trekta lake lenyewe, pengine lile lililolima shamba la marehemu mzee wake, na anayetaka lirudi shambani kulima.

Matrekta mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana sana kwa gharama, na tofauti hiyo huanzia kwenye injini. Matrekta ya 35 ya dizeli ya mwanzo, yaliyoundwa Coventry, Uingereza, yalifungwa injini ya kampuni ya Standard yenye silinda nne, ambayo tangu ikiwa mpya ilijulikana kwa ugumu wa kuwaka penye baridi. Yaliyofuata yalipewa injini ya kampuni ya Perkins yenye silinda tatu, na injini ya ukoo huohuo ikaendelea katika 135 kuanzia 1964. Kwa kuwa Perkins hiyo iliendelea kuundwa kwa miongo mingi, hata India na Pakistani, pistoni, ringi, slivu na gasketi zake bado zinapatikana bila taabu kubwa. Spea za ile ya silinda nne huagizwa kutoka mbali, na usafiri pamoja na ushuru huweza kuzidi thamani ya spea yenyewe. Kwa hiyo, kabla hujalileta, hesabu nozo za injini yako (vipulizia dizeli, kimoja kwa kila silinda) kisha utupigie simu.

Kinachowashtua wateja kuliko injini ni pampu ya dizeli. Pampu ya kampuni ya CAV iliyofungwa kwenye Perkins hizi hailainishwi na oili ya injini bali na dizeli ileile inayopita ndani yake, hivyo maji kidogo kwenye tangi, au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, huanza kuila kutoka ndani wakati trekta bado linaonekana zima. Tukiifungua, tunamwita mwenye trekta apitishe ukucha wake juu ya rota, yaani kipande kinachozunguka ndani ya kichwa cha pampu: ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, rota na kichwa chake hubadilishwa pamoja, kwa sababu vilisagwa viwe jozi moja na hakuna fundi awezaye kuvitenganisha akapata kazi nzuri. Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona watu wakilipia injini nzima kufumuliwa, kisha wakakataa kugusa pampu.

Nyuma ya trekta kuna haidroliki, mfumo wa mafuta unaonyanyua jembe, na hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye uhai wa mashine hii. Harry Ferguson, mbunifu wa mfumo huu, aliliunganisha jembe na trekta kwa mikono miwili ya chini na ufito mmoja wa juu. Jembe likikutana na udongo mgumu, ufito ule husukuma springi, springi hufungua vali, na mikono hunyanyua jembe kidogo huku uzito ukihamia kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana trekta dogo namna hii huvuta kuliko unavyolitazamia. Lakini pampu ya mfumo huo imezama kwenye mafuta yaleyale ya gia na difu, na mvua ikipenya kwenye mpira wa mkono wa gia uliochanika, mafuta hugeuka kama chai ya maziwa na vali huanza kukwama. Kusafisha hakugharimu sana ukiwahi. Ukichelewa, kazi huwa kubwa.

Matairi ya nyuma yenye nyufa hayatibiki, nayo hununuliwa mapya. Rangi tunaiacha mwisho: boneti na madigadi mekundu, injini na mwili kijivu, wala hatupigi rangi juu ya kibati cha namba kilichoko kwenye dashibodi.

Raha ambayo wateja hutusimulia haitokani na siku injini ilipowaka. Hutokana na msimu wa kwanza wa kulima, wanapoona jembe likishika kina kilekile kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho bila dereva kugusa mkono wa haidroliki, na mzee aliyewahi kuliendesha akiwa kijana akiomba apewe usukani.

Hatutoi bei ya mwisho kabla ya kufungua. Malipo ya kwanza ni ya kufungua na kukagua tu. Kisha tunakuita karakanani uone kila kipuri mezani, tunaandika pamoja kinachobadilishwa na kinachobaki, nawe unaweza kuishia hapo na kuondoka na trekta lako likiwa limefungwa kama lilivyokuja. Ukikubali kuendelea, vipuri vyote vya zamani utakabidhiwa wewe.